Mkwe Asiyeshiba: Mjadala wa Simbo juu ya Wimbo wa Kiwandani

Kadhia nitakayoisimulia hapa ilianza kwa wimbo mmoja wa ugenini uliosikika barazani Simbo, Wilaya ya Kigoma, jioni ya siku ambayo kazi ya kukamua mawese ilikwisha mapema, na watu, mikono yao ikiwa bado ina rangi ya mafuta, wakaketi chini ya mwembe wa mwalimu mmoja mstaafu kungoja jua litue upande wa Ujiji. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, ambako alifanya kibarua cha kiwandani kwa muda wa miaka miwili, aliufungua wimbo huo katika simu yake, akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa ili wote wasikie. Haukuwa na ngoma. Ulikuwa na piano, gitaa, na sauti ya mwanamke aliyesema zaidi kuliko kuimba, kwa haraka, kama mtu asomaye shitaka lake mbele ya kadhi ilhali anachelea kwamba hatapewa wasaa wa kulimaliza.

Tukauliza jina la wimbo. Kijana alisita, akatazama chini, kisha akasema kwamba unaitwa "Piss Factory", maana yake Kiwanda cha Mkojo, na kwamba mwenyewe ni Patti Smith, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1946. Hapo ndipo mkubwa wetu sote kwa umri, mzee ambaye ujana wake aliumaliza katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alipoinua bakora yake na kusema kwamba neno lile halitamkwi mbele ya akina mama, wala wimbo wenye jina lile hauwezi kuwa wimbo. Bibi aliyekuwa karibu naye, ambaye riziki yake ni mawese na mise, yaani kokwa za chikichi, akajibu kwamba yeye ameogesha watoto saba na neno hilo halijamdhuru. Mwalimu akaomba utaratibu. Nami, niliyekuja na fundi mmoja wa gitaa kutoka Ujiji kwa haja nyingine kabisa, nikateuliwa kuwa katibu. Nimeyaandika maneno yao kwa kadiri ya uaminifu wangu, na majina yao nimeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

MWALIMU: Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Mwanangu, tusimulie kisa cha wimbo huu toka mwanzo. Nawe Mzee wangu, nakuomba ustahimili mpaka amalize.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Nitasema niliyoyasoma, na yale niliyoyasikia katika wimbo wenyewe. Patti Smith alikuwa msichana wa miaka 16 alipoingia katika kiwanda kimoja cha kwao, New Jersey, mahali penye joto na kelele, kwa ujira ambao wimbo unautaja kuwa dola 36 kwa juma la saa 40. Kosa lake la kwanza lilikuwa upesi wa mikono. Wanawake waliokuwa wamezeeka katika kazi ile walimwonya apunguze mwendo, maana akiwapita yeye, wao watalazimishwa kumfikia. Hakuwapenda, na katika wimbo hafichi hilo. Alikuwa akisoma kitabu cha mashairi ya Mfaransa mmoja, Arthur Rimbaud, alichokiiba katika kibanda cha vitabu huko Philadelphia, na kitabu hicho ndicho kilichomtoa nje kwa fikira kabla miguu yake haijatoka. Wimbo unaisha kwa kiapo: atapanda treni aende New York, na hapo kiwandani hatarudi. Miaka ikapita. Tarehe 5 Juni 1974, katika studio ya Electric Lady huko New York, aliyaghani maneno hayo pamoja na Richard Sohl kwenye piano na Lenny Kaye kwenye gitaa, gharama ikatolewa na rafiki yake, Robert Mapplethorpe, na santuri ikauzwa kwa lebo ndogo ya kwao wenyewe iitwayo Mer. Wengi huihesabu kuwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za muziki ulioitwa baadaye panki, muziki wa vijana wenye nota chache na ghadhabu nyingi, ambao baada ya miaka miwili ulivuka bahari na kuitikisa Uingereza.

MZEE: Nimestahimili, na nimesikia. Sikatai kwamba binti yule alipata taabu, wala simlaumu kwa kuikimbia. Ninalolikataa ni kumwaga. Sisi tulifundishwa kwamba jambo chungu hufungwa kama ugoro katika jani la mgomba, na anayelihitaji hulifungua mwenyewe, kwa vidole vyake, mahali pake. Akilifungua mtoto, atapiga chafya tu. Huyu binti ameutupa ugoro machoni mwa kila mpita njia. Nami nasema hivi si kwa kuwa sijui kiwanda, mjukuu wangu. Nakijua kabla baba yako hajazaliwa.

Yafaa nikatize maneno ya Mzee ili msomaji ambaye hakulelewa pande hizi aelewe Mzee anajua nini. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya nchi hii kuongoza ulimwengu kwa zao hilo, na mashamba hayo yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwako Tanga na Morogoro. Mikono ikatafutwa mbali, ikiwa ni pamoja na Buha, nchi ya Waha, na mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambako Reli ya Kati ilikuwa imefika tangu mwaka 1914 na ambako shilingi ya kodi ilikuwa ngumu kupatikana. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, na watu wakaiita Silabu. Aliyeandikwa na Silabu alipewa namba, na ni kwa namba za namna hiyo Kiswahili kilipata neno manamba, neno ambalo hata leo likitajwa Kigoma humfanya mtu mzima anyamaze kidogo. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na siku isiyotiwa alama ilikuwa kama haikuwahi kupambazuka.

MZEE: Kigoma nilipanda treni nikiwa na jina la baba yangu, nikashuka nikiwa na namba. Kwanza nilikata: majani thelathini kila tita, tita juu ya tita, mpaka hesabu ya mnyapara itimie. Kisha wakaniweka korona. Ninyi mnaokamua mawese mnajua mashine, lakini korona hamjaiona. Hupokea majani kwa upande mmoja, huyaponda na kuyakwangua kwa maji mengi, hutoa nyuzi nyeupe upande wa pili, na mabaki yake, utopetope wa kijani wenye harufu isiyotoka nguoni wala puani, hutiririka mferejini na kuwasha ngozi ya kila anayeukanyaga. Nyuzi huanikwa juani juu ya nyaya, kisha hupelekwa kwenye brashi, na huko vumbi lake huingia kifuani likakaa. Kelele ile haikuruhusu wimbo. Tuliimba usiku, kambini. Nami nilitunga wimbo mmoja, kwa Kiha, juu ya mkwe wangu wa kike asiyeshiba. Namletea kuni, tita baada ya tita, naye anauliza kama ndizo zote. Namletea tena, anauliza tena. Kando yake amekaa shemeji mmoja mwenye kalamu, kazi yake kuhesabu tu, na hakuna siku hesabu yake iliyoafikiana na yangu. Kambi nzima iliuimba. Mnyapara mwenyewe alikuja akacheza, akatunza senti hamsini.

Watu wakacheka, ila Kijana hakucheka.

KIJANA: Babu, naomba radhi kwa nitakalosema. Mnyapara alicheza kwa sababu hakujua kwamba ndiye shemeji mwenye kalamu. Alikwenda kulala akiwa na furaha, na kesho yake hesabu ikawa ile ile. Wimbo wako ulimfikia nani?

MZEE: Uliwafikia waliopaswa kufikiwa.

KIJANA: Waliokuwa wakijua tayari.

MZEE: Mjukuu wangu, mtu anayejua peke yake hana hakika. Akisikia watu mia wanaitikia, hapo ndipo anapojua kwamba anajua.

Nakiri kwamba neno hilo la Mzee sikulitarajia, na nimelifikiri tangu siku ile kuliko mengine yote yaliyosemwa. Lakini Kijana hakuwa amemaliza, na alichokisema baadaye alikisema kwa sauti ya chini, akiwaelekea wanaume, kwa kuwa kilimfedhehesha.

KIJANA: Nilikuwa deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, katika kiwanda cha plastiki, tukitengeneza ndoo na mabeseni. Jina la kiwanda silitaji, halina faida. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili, tumesimama, mbele ya mashine ambayo haimngoji mtu. Kwenye meza ya msimamizi palikuwa na kibao cha mbao kimoja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Anayetaka kwenda haja hukivaa shingoni. Akirudi, mwingine hukichukua. Watu tulikuwa zaidi ya thelathini, kibao kimoja. Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, umri wa mama yangu. Siku moja aliomba kibao mara tatu na mara tatu kikawa nje. Sitasema kilichotokea. Nasema tu kwamba hakuja tena kazini. Kwa hiyo nilipousikia wimbo huu mara ya kwanza, na nikaambiwa jina lake, sikuona matusi. Niliona kwamba mtu amesema mahali palivyo. Babu, ungeniambia nilifungeje jambo lile katika jani la mgomba?

Kimya kilikaa muda mrefu. Mzee alikuwa akichora mavumbi kwa ncha ya bakora. Aliyejibu alikuwa Bibi.

BIBI: Mwanangu, pole. Neno lako nimelipokea, na kuhusu jina la wimbo nadhani hata Mzee hana tena la kusema. Lakini mimi nina daawa na huyo binti wa Marekani, na daawa yangu ni nyingine. Mmenieleza kwamba wanawake wa kiwandani walimwambia apunguze mwendo, naye akawachukia. Mimi ningekuwa pale ningemwambia hivyo hivyo.

MWALIMU: Tufafanulie, Mama.

BIBI: Hapa kwetu chikichi hupukuchuliwa, hupikwa katika pipa, huingizwa katika mashine, na mashine husukumwa kwa mti, watu wakiizunguka kama ng'ombe wa kupura. Pasipo wimbo haizunguki sawasawa. Mashine ikiwa ya kwangu na mikungu ya kwangu, wimbo wa mbio ni halali, maana mafuta ni yangu. Nikienda kwa mwenye mashine kubwa anilipe kwa pipa, wimbo ule ule naupunguza. Hatujaambiana, mmoja huanza polepole na wengine humfuata. Kwa nini? Kwa sababu tukizungusha mbio leo, mbio hiyo ndiyo itakayokuwa kipimo cha kesho, na kesho kuna mjamzito, kuna mgonjwa, kuna mzee. Basi wanawake wale wa New Jersey hawakuwa wavivu. Walikuwa wakilinda kipimo. Binti alikuwa na miaka 16, na mikono myepesi, na treni kichwani. Akapita, akaondoka, akawaimba vibaya. Wao wakabaki. Nani aliwaimbia waliobaki?

Hapo baraza lote lilipata uhai mpya, na watu ambao walikuwa wamesimama pembeni wakasogea. Fundi wa gitaa, mtu wa Ujiji mwenye asili ya Umanyema, aliyekuwa akiminya nyuzi bila kuzipiga, akaona kwamba zamu yake imefika.

FUNDI: Waliobaki waliimbiwa hapa kwetu, Bibi, nami nashangaa hatujalitaja. Nchi hii ilifanya jambo ambalo mataifa mengi hayakulifanya. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa, wenye mshahara wa mwezi kama karani. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikafuata jina. Kilipogeuka OTTU mwaka 1991, ikafuata tena. Na ndiyo hiyo iliyoishia kuitwa Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya mji yalikuwa na UDA Jazz. Kiwanda kilinunua gitaa, kilinunua tarumbeta, kilimpa mpigaji sare na chumba cha mazoezi. Huyo Patti Smith wenu alilazimika kufadhiliwa na rafiki ili arekodi wimbo wa dakika chache. Sisi tulikuwa na viwanda vilivyolisha muziki.

KIJANA: Vililisha muziki, kaka, sikatai. Lakini mpigaji wa bendi ya kiwanda angeweza kusimama jukwaani Jumamosi na kuimba juu ya kibao cha msalani?

FUNDI: Aliimba juu ya mapenzi, na talaka, na mji, na kifo. Mtu aliyesimama kwenye mashine siku sita hataki siku ya saba aimbiwe mashine.

BIBI: Hilo nalo ni kweli.

FUNDI: Na msidhani fumbo ni kinga siku zote. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, huko Umanyema ya Kongo kwa babu zangu, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na watu wakampa udaktari kwa nyimbo zake. Yeye ndiye aliyeimba "Mnyonge Hana Haki". Ukimwi ulipokuja, alitunga "Mambo kwa Soksi", yaani kondomu. Soksi! Kuna fumbo la adabu kuliko hilo? Na bado redio ya taifa iliukataa. Kwa hiyo mwenye masikio ya kukataa hukataa hata kilichofungwa katika jani.

Naungama kwamba mimi binafsi nina mapenzi makubwa na bendi hizo alizozitaja Fundi, na sidhani kwamba Kijana aliwatendea insafu. Mshahara wa mwezi kwa msanii ni jambo kubwa. Wapo mafundi wa gitaa ambao wasingaliweza kuishi kwa muziki hata mwaka mmoja lau si viwanda na mashirika hayo, na uzuri wao ni sehemu ya hazina yetu. Hata hivyo swali la Bibi lilikuwa bado limening'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuna bendi iliyolijibu. Mwalimu, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote huo akipanga hoja zake kama apangavyo mtu vitabu kabla ya safari, akaomba ruhusa ya kusema kwa urefu.

MWALIMU: Tumekuwa tukishindana juu ya neno la wazi na neno la fumbo kana kwamba ni suala la adabu. Mimi naona ni suala la tikiti. Patti Smith alisema wazi kwa sababu alikwisha kuondoka. Alipokuwa akirekodi, hapakuwa na mnyapara wa kumkata ujira, wala kipande cha kunyimwa alama. Neno la wazi ni la mwenye tikiti mfukoni. Fumbo ni la yule ambaye kesho ataamka na kurudi korona. Kwa hiyo Mzee wangu, fumbo lako si haya peke yake, kama ulivyotuambia, bali ni elimu ya watu waliobaki, na ni elimu kubwa. Lakini nataka niwaoneshe mtu mmoja aliyevunja kanuni yangu hii, naye ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu waliokuwa watumwa, wafinyanzi. Yeye mwenyewe alitembeza vyungu kuviuza. Kiwanda chake kilikuwa udongo, na njia, na kichwa chenye mzigo. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu wakati ule ilikuwa mali ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, mtaani, kwa lugha iliyofahamika na mchukuzi na dobi. Na yalipotokea mauaji ya mwanamke mmoja mjamzito, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa, Siti hakulifunga jina la muuaji katika jani lolote. Wimbo wenyewe unaitwa kwa jina lake: "Kijiti". Wala Siti hakuwa na treni. Alibaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1950.

KIJANA: Basi alilindwa na nini, Mwalimu?

MWALIMU: Nimejiuliza miaka mingi. Jibu langu ni santuri. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, wakarekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikauzwa mwambao wote na bara. Baada ya hapo, kumnyamazisha Siti kungekuwa kazi bure, maana sauti yake ilikwisha kuwa katika nyumba za watu. Na baadaye akatokea Shaaban Robert, mtu wa Tanga, akaandika wasifu wake. Jambo likisharekodiwa na kuandikwa, mwenyewe halibebi tena peke yake. Mzee wangu, wimbo wako wa mkwe umebebwa na nani?

MZEE: Nimeubeba mimi.

MWALIMU: Na wale mia waliouitikia?

MZEE: Wengi walibaki Tanga. Waliorudi wamekwisha. Mwingine alizikwa hapa Simbo masika yaliyopita.

Sikuona kwamba Mwalimu alimshinda Mzee, wala Mzee hakuwa na sura ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyekumbushwa deni. Akamgeukia Kijana, na swali alilomwuliza halikuhusu wimbo.

MZEE: Yule mama, ulimfanyia nini?

KIJANA: Nilikwenda kwa msimamizi, Babu. Nilimwambia wazi, mbele ya watu, kwamba jambo lile ni haramu. Nilimwambia kwa maneno yale yale ya wimbo. Siku ya pili jina langu halikusomwa getini. Ndiyo maana mnaniona hapa.

BIBI: Kwa hiyo ulisema bila tikiti.

KIJANA: Bila tikiti, Bibi. Nauli ya kurudi nilichangiwa na wenzangu. Mmoja wao alinipigia simu juzi. Ameniambia sasa kuna vibao viwili.

Nami katibu, kwa kuwa niliombwa nitoe hukumu kabla ya watu kutawanyika kwa sala, nilitoa hii, na naitoa tena hapa kwa msomaji. Kwanza, jina la wimbo wa Patti Smith si utovu wa adabu. Mtu akifanyiwa jambo la aibu mahali pa kazi, aibu hiyo ni ya mwenye mahali, na neno liitajalo si chafu kuliko tendo lenyewe. Pili, Bibi ana haki juu ya wanawake wa New Jersey, na yeyote aupendaye wimbo ule, kama niupendavyo mimi tangu jioni ile, ausikilize mara ya pili akiwatafuta wanawake hao, maana wamo ndani yake, wakiwa wameelezwa na mtu aliyewaacha, na maneno yao ya kumwonya asiende mbio ni maneno ya watu wenye akili na uchovu. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, nimehesabu nyimbo za kazi tulizo nazo katika maandishi na katika santuri, nikaona kwamba nyingi ni za walioondoka. Aliyeondoka ana faragha ya kutunga na rafiki wa kumlipia studio. Aliyebaki ana wimbo ulio bora mara nyingi, wenye ujuzi wa ndani wa mashine na wa mnyapara, lakini wimbo huo hufa kambini pamoja na waitikiaji wake. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa kando ya mto Ruchugi kwa karne nyingi kabla ya reli, na maelfu ya watu walikusanyika pale kila kiangazi. Wasafiri waliandika bei ya chumvi, nami sijaona aliyeandika waliimba nini. Mkonge umeandikiwa vitabu, na hesabu zake za tani zimo, na nyimbo za manamba zimebaki katika vifua vya wazee ambao tunawazika.

Namwomba basi kila msomaji ambaye kwao kuna mzee aliyeshika kipande, au aliyesimama kwenye zamu ya kiwanda cha nguo, au aliyechemsha chumvi, akae naye kabla ya masika, amwombe wimbo wake, auandike kwa lugha ile ile aliyoutungia, Kiha kikiwa Kiha, na fumbo lake aliandike kando kwa ufafanuzi wa mwenyewe, asilifasiri kwa kubahatisha.

Mzee wetu aliimba baada ya isha. Kijana aliishika simu, Fundi akaiacha gitaa yake mapajani kwa kuwa wimbo haukuihitaji, na Bibi, ambaye hakuwa ameusikia kabla, aliitikia kuanzia ubeti wa tatu. Beti ni saba. Katika ubeti wa mwisho, ambao Mzee alituambia hakuwahi kuuimba mnyapara akiwapo, shemeji mwenye kalamu anatajwa kwa jina lake.